Jenga maneno ya Kiingereza ukianzia nyuma

Kiswahili hutanguliza nomino: mifuko yangu miwili mikubwa myekundu. Kiingereza huiweka mwisho, ndiyo maana anayetafsiri neno kwa neno hujikuta akisema "bags my two". Anza na nomino, kisha ongeza neno mojamoja upande wa kushoto, ukitamka kila hatua kwa sauti: "bags", "red bags", "big red bags", "two big red bags", "my two big red bags". Ukubwa hutangulia rangi. Na angalia sana hili: kivumishi cha Kiingereza hakichukui wingi, kwa hiyo usiseme "reds bags" kwa kufuata mazoea ya myekundu na mwekundu. Nomino tano kwa siku zinatosha, mradi kesho yake uzirudie bila kutazama daftari.