Somo: Kumtambua ndege kwa mruko wake majira ya baridi

Miti ikishapukutisha majani, ndege hana tena pa kujificha. Hiyo ndiyo raha ya majira ya baridi. Karaha yake ni kwamba jua liko chini, mwanga ni wa kijivu, na kila ndege aliye mbali anaonekana mweusi. Wengi hukatia tamaa hapo kwa sababu walizoea kuanza na rangi. Mimi nasema anza na mruko. Rangi inamezwa na wingu, lakini namna ndege anavyopiga mabawa unaiona hata kwenye mawingu mazito.

Hatua ya 1: Mavazi na darubini

Utasimama kuliko utakavyotembea, na anayesimama hupoa upesi. Vaa soksi nzito, kofia, na glavu nyembamba za kukuwezesha kuzungusha gurudumu la darubini. Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha: 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usitamani ya 12. Mkono ukitetemeka kwa baridi, darubini inaukuza na mtetemo wenyewe.

Hatua ya 2: Simama kwa kufuata upepo

Hii wengi wanairuka, na ndiyo inayolipa. Ndege hupenda kuondoka na kutua akiukabili upepo. Basi tafuta ufuko au uwanja wazi, usimame upepo ukikupiga mgongoni. Kila anayetua mbele yako atakuja akikutazama: kifua wazi, mkia umetandazwa, miguu imetangulia. Ukiweza jua nalo liwe mgongoni, na kamwe usilielekezee darubini.

Sasa mtazame njiwa sekunde ya mwisho kabla hajagusa ardhi. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa, pale ambapo kidole gumba kingekuwa, vijinyoya vichache vinainuka na kujitenga na bawa. Kazi yake ni kuifanya hewa iendelee kulifuata bawa wakati ndege anapunguza mwendo, asije akadondoka kama jiwe. Nilitazama njiwa miaka mingi bila kuviona. Tangu siku nilipoviona, sijaweza tena kuacha kuviona.

Hatua ya 3: Chora njia, usichore ndege

Weka darubini chini. Ndege akipita, macho yabaki kwake na penseli itembee kwenye daftari bila wewe kuitazama. Chora mstari wa njia yake tu. Kunguru atakupa mstari ulionyooka, anapiga mabawa bila haraka kama mtu anayepiga kasia. Kigong'ota atakupa mawimbi: anapiga mabawa kidogo, anapanda, anayafunga kabisa, anashuka, anapiga tena. Kipanga mdogo wa msituni hupiga mara kadhaa upesi, akaelea, akapiga tena. Mistari itakuwa mibaya, haidhuru. Baada ya wiki mbili utaanza kumtaja ndege kabla penseli haijasimama.

Hatua ya 4: Pata mdundo

Gonga paja lako kila bawa linaposhuka. Huhitaji kuhesabu, paja litakumbuka. Na ufunue masikio. Njiwa akishtuka hupiga mabawa kwa kishindo kama makofi, na yupo bata maji mkubwa mweupe, yule wa shingo ndefu, ambaye mabawa yake huvuma angani hata ukajua anakuja kabla hujamwona. Bundi ni kinyume chake. Unyoya wa mbele wa bawa lake una meno kama ya kitana, yanapunguza kelele za hewa, ndiyo maana anapita karibu nawe na husikii kitu.

Hatua ya 5: Shingo na ncha za mabawa

Kiswahili chetu kina ukarimu: karibu kila mwenye miguu mirefu tunamwita korongo. Angani wanajitenga wenyewe. Yule anayevizia samaki peke yake kwenye maji hukunja shingo akiruka, kichwa kikakaa mabegani. Wale wa makundi wanaokusanyika mashambani huinyosha shingo mbele kama mkuki. Ncha za mabawa nazo zinasema: zilizoachana kama vidole ni za tai na jamaa zake wanaopaa kwa kuzunguka, nyembamba na ndefu ni za shakwe, fupi na za mviringo ni za wanaokatakata kona kati ya miti.

Hatua ya 6: Wanavyoondoka majini

Hapa ndipo mahali pangu. Barafu ikifunika sehemu ya ziwa, bata wote hujazana kwenye maji yaliyobaki, na unaweza kuwatazama saa nzima bila kuhama. Kuna wale wanaokula kwa kubinua mkia juu, na kuna wanaozama wazima wazima. Subiri waondoke wenyewe. Wa kwanza huruka juu wima, kama aliyechomwa na sindano. Wa pili hukimbia juu ya maji, pa-pa-pa-pa, akiacha alama za maji nyuma yake, ndipo anainuka. Mzamiaji ana mabawa madogo kwa uzito wake, na miguu iko nyuma ya mwili ili imsukume akiwa chini ya maji. Alichofaidi chini anakilipa juu. Siku moja niliandika kwa uhakika jina la bata aliyekuwa mbali kwenye ukungu, kisha akaondoka kwa kukimbia juu ya maji mbele ya macho yangu. Nikalifuta.

Hatua ya 7: Baki hadi jioni

Kabla ya kulala kwezi hukusanyika kwa maelfu, wakawa kama moshi unaojikunja angani. Wanafizikia wa Italia waliowapiga picha juu ya Roma walionyesha mwaka 2008 kwamba kila ndege hufuata wenzake sita au saba walio jirani, haidhuru wako mbali kiasi gani. Jaribu kumfuata mmoja tu kwa darubini. Utampoteza, lakini jaribu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kioo cha darubini kinapata ukungu kila nikiiweka machoni. Navaa miwani pia.*

Marahaba. Ukungu ni pumzi yako. Shusha skafu chini ya pua, na usiiweke darubini ndani ya koti, itoke ikiwa baridi kama hewa ya nje. Kwa miwani, zungusha chini zile pete za mpira.

*Jana kulikuwa na upepo mkali, kunguru akawa anaelea na kupinduka kama mwewe. Mwalimu si ulisema mruko haudanganyi?*

Sikusema hivyo, ila nimekaribia kusema, kwa hiyo umenibana. Upepo mkali hubadilisha mruko wa kila mmoja. Siku kama hiyo mtazame ndege dakika kadhaa, hasa anapougeukia upepo na anapoupa mgongo.

*Niliona ndege amesimama hewani juu ya nyasi, kama amening'inizwa. Kichwa hakitikisiki kabisa. Ni nini?*

Umemwona kipanga mdogo wa uwanja wazi, si yule wa msituni wa Hatua ya 3, akiwinda panya, hongera. Hajasimama: anaruka kuukabili upepo kwa mwendo uleule wa upepo, kwa hiyo chini yake nyasi hazisogei. Mabawa na mkia vinahangaika ili kichwa kitulie, maana jicho likiyumba hamwoni panya. Mara nyingine mtazame mkia tu.

*Kaka, ile V ya bata bukini, wa mbele ndiye kiongozi?*

Hubadilishana, kwa hiyo si mfalme. Nyuma ya ncha ya bawa hewa hupanda, na anayefuata akikaa pale hupata kuinuliwa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya kwarara wenye upara waliofunzwa kufuata chombo kidogo cha kuruka, wakiwa na vifaa mgongoni: ndege hawakujipanga tu, walilinganisha hata pigo la bawa na la aliye mbele.

*Kigong'ota si peke yake anayekwenda kwa mawimbi. Chiriku je?*

Kweli kabisa, dada, ningeliandika hilo. Chiriku naye hufunga mabawa na kushuka. Tazama ukubwa wa ndege na kina cha wimbi: la kigong'ota ni refu na zito, la chiriku ni kama mpira unaodunda. Na chiriku mara nyingi hulia angani.

*Wakikaa muda mrefu bila kuruka, naruhusiwa kupiga makofi au kurusha kijiwe?*

Hapana. Ndege mdogo anaweza kupoteza karibu sehemu ya kumi ya uzito wake kwa usiku mmoja wa baridi, na mchana ni mfupi wa kuurudisha. Kumrusha ni kumnyang'anya chakula. Rudi kwenye Hatua ya 1, ongeza soksi, usubiri.