Intanshipu ya kiangazi kwenye maabara za ulinzi Marekani: jinsi ya kuomba, na ile fomu ya SF-86

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mpwa wangu, raia wa Marekani anayesomea uhandisi wa umeme Maryland. Kama wazazi wako walitoka kwetu na wewe unasoma huko, yatakufaa.

Hatua ya 1: Uraia

Kibali cha usalama (ruhusa ya kushika siri za serikali, na SF-86 ndiyo fomu yake) hupewa raia wa Marekani. Mwenye green card hakipati, ila sheria ya ITAR, inayodhibiti teknolojia za kijeshi zisitoke nje, inamruhusu kufanya baadhi ya kazi zisizo za siri. Mwenye visa ya mwanafunzi atafute kwingine.

Hatua ya 2: Mahali

Wanaopenda kuunda na kupima vitu waangalie MIT Lincoln Laboratory kule Lexington, Massachusetts, au APL, maabara ya fizikia tumizi ya chuo cha Johns Hopkins iliyoko Laurel, Maryland. Maabara za jeshi la majini huchukua watu kupitia NREIP, programu yao ya intanshipu ya wiki 10. Kwa uchambuzi wa mifumo, taasisi ya uchambuzi wa ulinzi ya IDA ipo Alexandria, Virginia. RAND, taasisi ya utafiti wa sera, huchukua wanafunzi wa uzamivu. Anza kuomba Agosti au Septemba. Ukingoja Machi, nafasi nyingi zimeshakwenda.

Hatua ya 3: CV na mradi mmoja

Ukurasa mmoja unatosha. Kwa hesabu za mradi tumia Python, lugha ya programu ya bure; MATLAB, programu ya kulipia, waachie wazee wa rada, maana leseni ya chuo ikiisha na kazi yako imefungwa humo. Weka mradi mmoja unaoonyesha unavyofikiri. Mfano: kombora moja la kuzuia droni lina uwezekano wa 0.7 wa kuipiga. Ukirusha mawili, hesabu ya darasani inakupa 0.91. Sasa jiulize: kama rada ndiyo haikuiona droni, si yote mawili yatakosa? Ile 0.91 imeporomoka. Mtu anayekufanyia usaili atataka kuzungumzia hapo, si rangi za grafu zako.

Hatua ya 4: Fomu SF-86

Hapa ndipo usiku unapoisha. Huwezi kujiombea kibali. Mwajiri ndiye anayekufungulia fomu kwenye mfumo wa mtandaoni wa eApp. Anayekudai pesa ili "akutafutie kibali" ni tapeli.

Kabla ya kuingia, tengeneza faili la Excel. Usijaze kwa kumbukumbu, na usijaze kwa simu. Andika kila anwani na kila kazi ya miaka 10 bila pengo, na kila safari ya nje ya miaka 7. Toa pasipoti zote, hata zilizokwisha muda, usome mihuri.

Kisha ndugu. Sehemu ya 18 inataka wazazi, ndugu wa tumbo moja na wa mzazi mmoja, wa kambo, wakwe, watoto. Baba mdogo, shangazi na binamu hawamo. Lakini kama si raia wa Marekani na mna ukaribu au mnawasiliana mara kwa mara, wanaingia sehemu ya 19. Huna haja ya kuorodhesha kundi zima la WhatsApp la michango ya harusi. Shangazi unayempigia kila Jumapili, mwandike.

Tarehe za kuzaliwa zitakutesa. Bibi hajui yake, na karatasi za ukimbizi zimempa babu tarehe 1 Januari. Kuna kisanduku cha "Est." cha makadirio: kitumie, ueleze kwenye maoni. Majina yako nayo yakipishana, la shule hivi, la pasipoti vile, yote yaingie sehemu ya 5.

Pesa unazotuma nyumbani ni sehemu ya 20A, na swali halina kikomo cha miaka. Ada ya mdogo wako kwa M-Pesa ni msaada wa kifedha kwa raia wa kigeni. Iandike bila woga. Pakua taarifa ya miamala, usikisie. Mkenya aliyebaki na uraia wake, kama Katiba ya 2010 inavyoruhusu, aujaze sehemu ya 10.

Wengi huficha ndugu wakidhani watakataliwa. Kuwa na mama Kigoma si kosa. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai la serikali kuu, hadi miaka 5 jela. Bangi pia, hata ukiwa jimbo linaloiruhusu, inaulizwa.

Hatua ya 5: Kutuma

Hifadhi nakala ya PDF kabla ya kusaini. Mpelelezi akikuita, atapitia majibu hayohayo, na kibali kijacho kitaanzia hapo.