Kubebesha kaktasi ya kichwa chekundu kwenye shina la dragoni

Kile kichwa chekundu au cha njano kinachouzwa kwenye vitalu vya maua juu ya shina la kijani la pembe tatu ni kaktasi aina ya Gymnocalycium mihanovichii iliyokosa umbijani, yaani rangi ya kijani ya mimea. Haiwezi kujitengenezea chakula, hivyo ikipandwa yenyewe udongoni hufa njaa. Shina linaloibeba mara nyingi ni la mmea wa tunda la dragoni, na kuviunganisha hivyo viwili ndiko kubebesha.

Kata shina la dragoni lililokomaa, sm 10 hadi 14. Liache kivulini siku 5 hadi 7 kidonda kikauke, ndipo ulipande kwenye mchanga wa chengachenga wenye mboji kidogo. Subiri lishike mizizi.

Siku ya kubebesha, pangusa kisu kikali kwa spiriti kabla ya kila mkato. Kata ncha ya shina mlalo, kisha chonga kingo zote tatu kwa mshazari. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo huwaponza: nyama ya ndani hunywea ikikauka, ganda halinywei, na kingo zilizobaki juu hukiinua kikonyo (kipande kinachobebeshwa) kikaachia.

Kikonyo ni kichipukizi cha upana wa sm 1 hadi 2 kutoka ubavuni mwa kichwa kikubwa. Kikate chini mlalo. Katikati ya kila mkato utaona duara hafifu, njia ya maji na chakula. Duara hizo lazima zigusane. Ya kikonyo ikiwa ndogo, kisogeze pembeni kidogo hadi zikatane. Kukiweka katikati kwa ajili ya uzuri ni kukinyima chakula. Fanya haraka, mikato ikiwa bado mibichi. Kandamiza hewa itoke, kisha funga kwa raba mbili zilizopishana zikipita chini ya chungu.

Weka kivulini penye hewa siku 7 hadi 10, maji yasiguse kiungo. Kikonyo kilichoshika hubaki kimejaa. Kikidondoka lakini bado kizima, kata upya pande zote mbili urudie.

Baadaye kipe jua la asubuhi. La mchana hukiunguza. Mwagilia udongo ukishakauka kabisa, la sivyo shina huoza kuanzia chini. Machipukizi ya kijani ya shina yaondoe yakiwa madogo. Penye baridi kama Njombe au Limuru, ingiza chungu ndani usiku joto likishuka chini ya nyuzi 10, maana dragoni haivumilii baridi. Shina huchoka kabla ya kichwa. Likianza kusinyaa, hamishia kichwa kwenye shina jipya.