SOMO: Kutazama TV Kenya bila malipo ya mwezi, na jinsi ya kuruka matangazo

Naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Swali ni lile lile: "Nimechoka kulipia king'amuzi na bado naoneshwa matangazo ya biashara, nifanyeje?" Mnalalamika kwa haki. Mtu umelipa, umeketi na watoto, filamu imefika patamu, inakatwa uuziwe sabuni, unga na kamari. Stesheni za bure nazo zina matangazo, sitawadanganya, hayo ndiyo yanayozilisha. Ila huko hulipi mara mbili, na hatua ya 6 inakuwezesha kuyaruka.

Somo hili ni la antena. Dishi ni habari nyingine.

Hatua ya 1. Hakikisha TV ina DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali wa antena unaotumika hapa. Soma karatasi iliyobandikwa nyuma. DVB-T bila hiyo 2 haitoshi. TV iliyotengenezewa soko la Japani ni ISDB-T, ya Marekani ni ATSC, na hapa hazishiki kitu kwa antena. Kama yako ni ya hivyo, nunua king'amuzi cha stesheni za bure, kisicho na kadi. Chukua chenye tundu la USB.

Hatua ya 2. Nunua antena ya UHF ya nje, ile yenye vijiti vifupi vilivyopangwa kama mfupa wa samaki. Maneno "digital" na "4K" kwenye boksi ni ya kuuzia. Kazi ya antena ni kushika masafa, haijui picha ni ya aina gani, kwa hiyo UHF iliyobaki juu ya paa tangu enzi za analojia bado inafaa. Zile bapa za kubandika ukutani zinazodai kushika kilomita mia kadhaa, achaneni nazo. UHF huenda karibu mstari ulionyooka, na dunia ina mviringo.

Hatua ya 3. Elekeza kwenye mtambo. Nairobi tunaelekeza Limuru, kwa wengi wenu ni kaskazini-magharibi. Kwingineko tazama antena za majirani: zimeelekea wapi, na je, vijiti vimelala au vimesimama? Fuata vyote viwili.

Hatua ya 4: waya. Hapa some polepole. Watu wengi wanaoniambia antena ni mbovu, antena yao ni nzima.

Nunua RG6 ya ohm 75. Kata ganda la nje bila kuujeruhi msuko wa ndani. Urudishe msuko nyuma juu ya ganda, toa foili na ile povu nyeupe, kisha sukuma kiunganishi hadi povu iwe sawa na sakafu yake na shaba ichomoze milimita mbili au tatu kupita ukingo. Sasa washa tochi ya simu uchungulie ndani. Uzi mmoja tu wa msuko ukigusa shaba ya katikati, hupati picha. Kama una busta (kikuza mawimbi) inayopata volti 5 kupitia waya huo huo, king'amuzi kitakuandikia kwamba antena ina shoti, na vile vya bei rahisi visivyo na kinga vinaweza kuungua. Chomoa umeme kabla ya kugusa waya, kila mara.

Kisha maji. Mvua ikiingia kwenye kiunganishi cha juu hutaona lolote siku hiyo. Maji hushuka taratibu ndani ya msuko, na baada ya miezi stesheni zinaanza kupotea moja moja. Ukifungua unakuta shaba imeota kutu ya kijani na povu limelowa. Waya huo hauponi, utupe. Kinga ni utepe wa mpira unaojishika wenyewe, uzungushe kuanzia chini kwenda juu. Utepe wa kawaida wa umeme huachia gundi kwa jua. Na kabla waya haujaingia nyumbani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondokee hapo nje.

TAHADHARI. Mlingoti usiwe karibu na nyaya za umeme za barabarani. Pima hivi: ukianguka upande wowote, utazigusa? Kama ndiyo, hamisha. Usipande mabati yakiwa yamelowa, wala wingu likiwa limefunga. Radi ikianza, chomoa waya kwenye TV.

Busta usinunue mwanzoni. Ukiwa karibu na mtambo inazidisha mawimbi hadi kipokezi kinashindwa kuyasoma, na stesheni zinapungua badala ya kuongezeka.

Hatua ya 5. Tafuta stesheni. Chagua nchi Kenya, chanzo antena, si kebo. Dijitali haina chenga: picha ni safi, au inagandaganda vipande vya mraba, au hakuna kabisa. Kwa hiyo unapozungusha antena tazama mstari wa *ubora*, si wa *nguvu*. Nguvu ikiwa juu na ubora sifuri, unashika kelele. Stesheni zitakazokuja zimefungwa ni za kampuni za kulipia, zifute.

Hatua ya 6. Chomeka flashi kwenye king'amuzi, weka kirekodi kipindi, na uanze kukitazama dakika ishirini baada ya kuanza. Matangazo yakifika unapeleka mbele kwa rimoti.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Jaba_Rongai: Mkuu, hii inashika EPL?

Mwandishi: Hapana. Haki zake ziko kwa wanaolipisha. Mashindano mengine huja bure, kwa mfano KBC ilionesha mechi za Kombe la Dunia la 2022.

Kijana_wa_Juja: Nimefanya yote na haishiki kitu. Somo lako halifanyi kazi.

Mwandishi: Yote yapi? TV gani, uko upande gani wa mji, mstari wa ubora unasoma ngapi?

Kijana_wa_Juja: TV ni ya kawaida tu. Mjomba aliileta kutoka Japani.

Mwandishi: Hatua ya 1.

MamaZuhura_Kilifi: Habari kaka, na ahsante kwa kazi hii. Nilifunga mwaka jana na zote zilikuja. Sasa KBC iko safi lakini Citizen na NTV zimetoweka pamoja. Mbona antena ni moja?

Mwandishi: Dada, umeona jambo la maana sana, kwamba zimetoweka *pamoja*. Stesheni za dijitali husafiri kwa kifurushi, nyingi ndani ya masafa mamoja. KBC hubebwa na Signet, kampuni ya kurusha mawimbi. Citizen, NTV na KTN wana mtandao wao, ADN, uliotokana na ule mvutano wa Februari 2015, serikali ilipowazimia analojia na wao wakakataa kubebwa na wengine, skrini zikabaki giza wiki kadhaa. Ndiyo maana kifurushi kimoja kinaweza kupotea na kingine kikabaki. Fanya hivi: kwanza tafuta upya, huenda masafa yamebadilishwa. Isiposaidia, fungua kiunganishi cha juu. Kilifi chumvi ya bahari inakula chuma haraka, na waya ukianza kuharibika masafa ya juu ndiyo hufifia kwanza. Ukibadilisha kiunganishi, kipake grisi ya silikoni kabla ya utepe.

MamaZuhura_Kilifi: Nimempandisha kijana wangu. Ni kijani kitupu, kama ulivyosema. Tunanunua waya kesho.

Mwandishi: Nunua na mita chache za ziada. Usiunge waya katikati.

Bonge_la_Mtandao: Mnajisumbua. Kuna jamaa anauza app, chaneli zote za dunia, mia tatu kwa mwezi.

Mwandishi: Hizo ni za wizi, na ni malipo ya mwezi tena, kwa mtu usiyemjua. Sifundishi hiyo hapa.

Bonge_la_Mtandao: Nilikuwa nasaidia tu.

Mwandishi: Sawa. Nilichosema kinabaki.

Chebet_Eldoret: Swali la pembeni. Kwa nini matangazo huwa na sauti kubwa kuliko kipindi? Mtoto amelala, tangazo likiingia anashtuka.

Mwandishi: Swali zuri, na si masikio yako. Kila stesheni ina kilele cha sauti isichoruhusiwa kukipita. Filamu hupanda na kushuka: mnong'ono, kimya, mlipuko. Tangazo hubanwa ili kila sekunde ikae karibu na kilele, kwa hiyo kilele ni kile kile ila wastani uko juu, na sikio linasikia wastani. Ulaya waliweka kipimo cha wastani huo, R128, mwaka 2010, na Marekani mwaka huo huo wakatunga sheria ya CALM inayotaka tangazo lisizidi kipindi. Kwako nyumbani, ingia mpangilio wa sauti utafute kinachoitwa AVL au "Auto Volume", ukiwashe. Sauti ya filamu itapoa kidogo, lakini mtoto atalala.

Chebet_Eldoret: Imefanya kazi! Na haya ya pombe mchana, yanaruhusiwa?

Mwandishi: Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinalinda saa za watoto, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Ukiona tangazo la pombe saa hizo andika stesheni, tarehe na dakika, uwalalamikie rasmi. Tafadhali fanyeni hivyo. Malalamiko yasiyo na tarehe hayafiki popote.

Fundi_Embakasi: Niongezee: dira ya simu ukiwa juu ya mabati inadanganya, chuma kinaivuta. Pimia chini uwanjani, chagua jengo au mti ulio upande huo, ndipo upande.

Mwandishi: Ahsante fundi. Naiongeza kwenye hatua ya 3.

Jaba_Rongai: Flashi yangu ya GB 32 inarekodi vizuri, halafu kipindi kinakatwa vipande viwili. Imeharibika?

Mwandishi: Haijaharibika. Imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi ambao faili moja haliwezi kuzidi GB 4, basi king'amuzi kinafungua la pili. Yacheze kwa mfuatano. Ukitaka kuyahamishia kompyuta, VLC inayafungua. Ila ukirekodi kwa TV yenyewe badala ya king'amuzi, TV nyingi hufuta flashi nzima kwanza na rekodi haitafunguka kwingine, kwa hiyo toa picha zako kabla ya kuchomeka.

Jaba_Rongai: Na naweza kurekodi stesheni moja nikitazama nyingine?

Mwandishi: Kama zimo kwenye kifurushi kimoja, ving'amuzi vingi vinakubali. Tofauti, hapana, kipokezi ni kimoja. Rekodi NTV ukitazama Citizen ujaribu.