Kununua kibodi kuukuu ya IBM Model M bila kujuta

Kazi yangu ni kuchapa kutwa nzima, na kibodi ninayoipenda ni ya mwaka 1989. Kila kitufe kina springi yake. Ukibonyeza, springi inajipinda ghafla, inaalika, na papo hapo herufi inaingia, kwa hiyo kidole kinajua kazi imekwisha kabla hujakandamiza mpaka chini. Ukiitafuta ya mtumba, nenda hivi.

1. Soma lebo ya mgongoni. Ina namba na tarehe ya kutengenezwa. 1391401 ndiyo utakayoikuta zaidi: vitufe 101, mpangilio wa Kimarekani. Zipo Model M zenye mpira badala ya springi, kwa hiyo ng'oa kofia ya kitufe kimoja uchungulie.

2. Itikise. Usione haya mbele ya muuzaji. Fremu inayobeba springi imeshikizwa kwenye bamba la chuma kwa ribiti za plastiki, na plastiki hiyo ikizeeka hukatika. Ukisikia vipande vinacheza ndani kama mbegu za kibuyu, ndizo hizo. Zikikatika chache, kibodi bado inachapa vizuri. Zikiwa nyingi, bamba linaachia na vitufe vinapoteza mlio. Dawa yake ni kutoboa na kutia skrubu ndogo na nati mahali pa ribiti, kazi ya siku nzima. Kifuniko kinafunguka kwa spana ya boksi ya milimita 5.5, tena nyembamba, maana matundu ni ya kina. Hesabu usumbufu huo kwenye bei.

3. Bonyeza vyote. Kisichoalika huenda springi yake imekaa upande. Simamisha kibodi wima, kitufe kirefu cha nafasi kikiwa juu, ng'oa kofia, irudishe taratibu. Mara nyingi hapo hapo kinapona.

4. Tazama plagi. Ya duara, PS/2, itahitaji kigeuzi cha USB chenye chipu ndani; kichwa kitupu cha kuchomeka hakitoshi. Mimi niliwahi kubeba ya vitufe 122, iliyotengenezewa terminali (skrini na kibodi za kuunganishwa na kompyuta kubwa ya ofisi), bila kutazama waya. Plagi yake ni kama ya kebo ya mtandao, na kompyuta yangu haikuitambua kabisa.

5. Kunja miguu ya nyuma ili viganja visipinde kwenda juu.

Kelele yake haina dawa. Watoto wakilala, narudi kwenye kompyuta mpakato.