Ukiambiwa uandae mada ya Ukristo na kuzaliwa kwa Tanganyika, pitia hapa kwanza

Mi mada hii nimeshaiharibu mara moja kwahiyo naongea kwa uzoefu. Vijana wa kigangoni kwetu waliniomba niongee nusu saa siku ya sherehe za uhuru 9 Desemba, nikakaa usiku mmoja nikaokoteza vitu mtandaoni, nikatengeneza slaidi 14 zenye misalaba na bendera, na slaidi ya kwanza ikasema Kanisa ndilo lililozaa uhuru. Slaidi ya tatu sikuifikia. Kulikuwa na mzee mmoja jirani, Mwislamu, kaalikwa maana mtaani kwetu sherehe ni za wote, akanyoosha mkono taratibu akauliza, "Mwanangu, hivi kadi za TANU tulikatia kanisani?" Watu wakacheka, na mi nikacheka, ila jasho lilikuwa linanishuka mgongoni.

Kwahiyo kabla hujagusa kompyuta, punguza swali la Ukristo ulichangia nini kwenye uhuru. Ukilichukua zima zima hivyo utaishia kuhubiri. Livunje uwe na vitu vya kushika mkononi: shule, lugha ya kuandika, wimbo wa taifa, na watu waliokaa pamoja 7 Julai 1954 kuanzisha TANU, chama kilichodai uhuru. Kwenye kila kimoja uliza mambo mawili tu, misheni walileta nini hapa, na nani mwingine alikuwepo. Hilo la pili usiliruke hata kama muda umebana.

Anza na shule, huko ndo kuna nyama. Tafuta ramani ya kawaida ya Tanzania, ile ya ukutani, uweke nukta za kalamu ya bluu penye misheni za zamani: Bagamoyo walipofika Mapadre wa Roho Mtakatifu 1868 wakaweka kijiji cha waliokombolewa utumwani, Masasi ya Waanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza) 1876, Rungwe ya Wamoraviani 1891, Kilimanjaro walipokuja Walutheri wa Leipzig 1893, na nyingine unazozijua wewe. Halafu chukua kalamu nyekundu uweke nukta walikotoka walimu, makarani na manesi wa miaka ya 40 na 50, hao wa ukoo wenu na wa majirani uliosikia habari zao. Nukta zitalaliana mpaka utashangaa. Misheni ilitaka mtu wa kusoma katekisimu, mkoloni akataka karani wa mshahara mdogo, na yule kijana akishajua kusoma hakuna wa kumpangia kwamba aishie kwenye katekisimu tu, atasoma na gazeti, atasoma na barua za chama. Wamisheni wengi hata hawakukusudia hilo, na mi naona hapo ndo utamu wa mada ulipo, kuliko kuwapamba kana kwamba walikuja na uhuru kwenye mabegi.

Ila usimalize habari ya shule bila kusema upande wa pili. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto shule za misheni kwa sababu waliona mtoto anaenda na jina la Juma anarudi anaitwa Josefu, na hofu yao haikuwa ya kijinga. Pengo lililotokea hapo lilikuwa kubwa, na ni sababu mojawapo iliyofanya serikali izitaifishe shule hizo kwa sheria ya 1969. Ukilificha hili kuna mtu atalisema, na atalisema kwa hasira.

Na hapa kuna mtego wa Nyerere. Karibu kila mtu anasema alilelewa na misheni. Hapana. Alisoma Mwisenge pale Musoma halafu Tabora, na hiyo Tabora aliyosoma ilikuwa shule ya serikali, na ubatizo aliupata 1943 akiwa kijana wa miaka 21. Kanisa liliingia kwa nguvu baadaye: alifundisha St Mary's Tabora, Padre Richard Walsh wa hapo akawa rafiki yake na akamsaidia kufika Edinburgh 1949, aliporudi akafundisha Pugu, shule ya Wakatoliki, na 1955 akaacha kazi kwa sababu ualimu na urais wa TANU vilishindwa kukaa nyumba moja. Yaani misheni ilimpa kazi na marafiki, na ikafika siku ikabidi achague. Simulia hivyo hivyo, watu watakusikiliza kuliko ukianza kumtangaza mtakatifu (mchakato wa Kanisa ulifunguliwa 2005, waachie wenyewe kazi yao).

Kwenye lugha uwe makini zaidi. Ni kweli Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844 akaanza kukusanya maneno, na Askofu Steere wa Unguja kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka 1870, na vitabu vya misheni vilisaidia sana Kiswahili cha herufi za Kirumi kufika bara. Lakini watu wa pwani walikuwa wanaandika tenzi kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla hajazaliwa babu yake Krapf. Njia nzuri ni kutafuta picha mbili, ya utenzi wa zamani kwa herufi za Kiarabu na ya ukurasa wa Biblia ya zamani ya Kiswahili, uzionyeshe kwenye projekta pamoja bila kusema kitu kwa kama dakika moja. Usianze wewe kuongea. Subiri mtu aulize.

Sasa ofisini kwa paroko. Watu wengi hawajui kwamba daftari la ubatizo ni hazina. Nenda asubuhi siku ya kazi, usiende Jumapili baada ya misa padre akiwa na foleni ya watu, beba barua fupi ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya, na usitoe simu kupiga picha mpaka uruhusiwe. Kwenye parokia kongwe za Kikatoliki utakuta limeandikwa Kilatini, kwa wino uliogeuka rangi ya chai, jina la mtoto, wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza. We usiishie kwenye jina, angalia pembeni mwa ukurasa. Kule huwa wanaongeza baadaye kwamba huyu amefunga ndoa, wapi, mwaka gani. Mi nilimfuata mtu mmoja kwa njia hiyo: kabatizwa kijijini kwetu, ndoa kafungia Tabora, watoto wake wawili nikaja kuambiwa wamebatizwa Dar. Nikauliza kwa wazee, kumbe alikuwa mwalimu anahamishwa hamishwa, na kila alikokwenda ndo alikuwa anawasomea watu barua na magazeti jioni. Mstari mmoja wa daftari ukanipa nusu ya mada.

Kwa wazee nenda na sukari kilo moja, shikamoo kwanza, na ukae hata kama una haraka gani. Usimuulize "Ukristo ulichangia nini kwenye uhuru", hilo swali litakuletea hotuba aliyoizoea. Muulize alisoma wapi, nani alimfundisha, kadi ya TANU alikata lini na nani alimshawishi, katekista wa kwao alisema nini aliposikia, maana wapo walioambiwa siasa ni dhambi na wapo makatekista waliokuwa wanaficha kadi wenyewe, kila mzee ana lake. Halafu siku hiyo hiyo au kesho yake nenda kwa mzee wa msikitini na maswali yale yale. Usiende kwake na maswali tofauti. Mimi yule mzee aliyeniaibisha ndo niliyeanza naye, nikamwomba radhi, akanicheka tena, halafu akaniongelea saa mbili na nusu.

Kwa mkutano wa 1954 kazi ni nyepesi: chapisha majina ya wale 17 walioanzisha TANU ugawe karatasi, watu wasome wenyewe. Wataona Germano Pacha, Patrick Kunambi, Joseph Kimalando, John Rupia, wataona na Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa, Saadani Kandoro. Wataona Kirilo Japhet, yule aliyekwenda Umoja wa Mataifa 1952 kudai ardhi ya Wameru. Na wakishasoma waambie hapo hakuna mwanamke hata mmoja, halafu ndo uwataje akina Bibi Titi Mohamed waliokuja baadaye na kukijaza chama wanawake kupitia vikundi vya ngoma vya lelemama. Kwaya zina sehemu yake kwenye hadithi hii lakini Dar es Salaam ya wakati ule lelemama ilifanya kazi ambayo kwaya isingeweza.

Usikwepe mabaya. Kwenye Vita vya Majimaji misheni ya Peramiho ilichomwa moto, naye Askofu Cassian Spiss aliuawa 1905, na mwanzoni mwa 1906 Wajerumani walinyonga wazee na viongozi wa Kingoni zaidi ya 60 pale Songea, na baadhi yao walibatizwa kabla tu ya kupelekwa kwenye kitanzi. Ukifika hapo nyamaza kidogo. Mi nilijaribu kufafanua nikaona naharibu.

Mtu akikutajia asilimia za Wakristo na Waislamu muulize kazitoa wapi, kwa sababu sensa ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967. Na akikuambia hii ni nchi ya Kikristo, au kinyume chake, msomee Ibara ya 3 ya Katiba panaposema nchi hii haina dini, ni sentensi fupi tu, usianze ubishi.

Wimbo wa taifa uweke mwishoni. Enoch Sontonga, mwalimu Mmethodisti wa Afrika Kusini, aliutunga 1897 kama wimbo wa dini, na kwenye ule wa asili wa kwao walikuwa wanamwita Roho ashuke. Wetu una Mungu, una hekima, umoja na amani, Roho hayumo. Waimbishe ubeti wa kwanza, uwaulize kwa nini wanafikiri kipande hicho hakikuvuka mpaka, halafu kaa chini. Vijana wetu walibishana dakika 20 mpaka chakula kikapoa, na mzee wangu wa msikitini ndo alikuwa anaongea kuliko wote.

Na kama uliazima picha ya zamani kwa mzee, irudishe siku hiyo hiyo kabla hujaenda kwenye pilau.