Kulinda kadi na akaunti ya benki kipindi cha manunuzi ya sikukuu, hatua kwa hatua

Juzi dada yangu kanipigia saa moja jioni, analalamika pesa zinakatwa kwenye kadi yake na hajanunua kitu. Tulikuja kulala saa saba usiku. Ndo maana naandika, maana msimu wenyewe ndo huu, kila mtu ana mzigo anausubiri na ana haraka, na matapeli wanalijua hilo.

Hatua ya 1: kadi ya mshahara isiende mtandaoni

Hapa sibembelezi mtu. Kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti yako ikiibiwa, pesa iliyoondoka ni yako na wewe ndo utakaa bila hela huku benki inachunguza. Fungua akaunti ndogo pembeni, weka humo hela ya manunuzi ya siku hiyo tu. Kama apu ya benki yako inakuruhusu kutengeneza kadi ya mtandaoni isiyo ya plastiki, hiyo ndo bora kuliko zote, ukimaliza kununua unaifuta. Kadi ya mkopo nayo si mbaya, mgogoro ukitokea angalau hela inayogombaniwa ni ya benki. Na ile sehemu ya "hifadhi kadi yangu kwa manunuzi yajayo", ondoa tiki. Kuandika namba 16 tena hakujamuua mtu.

Hatua ya 2: washa meseji za miamala

Kila muamala, hata wa senti. Watu wengi wanaweka wajulishwe kuanzia kiasi fulani, kosa kubwa hilo, mwizi mara nyingi anaanza kwa kukata kidogo kabisa kuona kama kadi ni hai, ndo baadaye anarudi na kapu.

Hatua ya 3: soma anwani ya tovuti kwa kurudi nyuma

Kile kikufuli kwenye anwani kinamaanisha mawasiliano yamefichwa njiani, basi. Hata tovuti ya tapeli inacho. Cha kufanya, tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti halafu soma kurudi nyuma, maneno mawili yaliyotenganishwa na nukta. Mfano jinaladuka.com.ofa-za-leo.net/lipia, mwenye tovuti hapo ni ofa-za-leo.net, hilo jina la duka pale mwanzo ni urembo tu. (Zenye miisho miwili kama .co.uk unarudi neno moja zaidi.) Kwenye simu anwani inakatwa, iguse ionekane yote. Mimi linki ya ofa siibonyezi kabisa, jina la duka naliandika mwenyewe.

Hatua ya 4: pasiwedi

Ya imeili isifanane na nyingine yoyote. Tuendelee.

Hatua ya 5: soma meseji ya OTP (ile namba ya mara moja benki inayokutumia uthibitishe) yote, siyo namba tu

Hapa ndo dada alipoliwa. Alipata meseji kwamba mzigo wake umekwama, alipie kahela kadogo ka kuuletewa tena. Kweli alikuwa na mzigo njiani, kama nusu ya dunia mwezi huu. Akajaza namba ya kadi, tarehe ya kuisha, zile tatu za nyuma, ikaja OTP, akaijaza. Baadaye nikamwambia hebu nionyeshe hiyo meseji. Ilikuwa imeandika wazi kabisa kwamba hiyo namba ni ya kuunganisha kadi yake kwenye malipo ya simu. Yaani hakulipia mzigo wowote, aliweka kadi yake kwenye simu ya mwizi, na jamaa akawa anagusisha hiyo simu kwenye mashine za malipo dukani kama mwenye mali.

Kwa hiyo kabla hujaandika zile tarakimu angalia vitu vitatu: kiasi, jina la anayelipwa, na OTP ni ya kazi gani. Kimoja kisipolingana, acha. Na anayepiga simu akuombe umsomee hiyo namba ni mwizi, hata akijua jina lako lote.

Hatua ya 6: pesa zikianza kuondoka

Hii ndo iliyotula saa sita zote.

Kwanza fungia kadi kwenye apu. Sawa, tulifungia, na makato mawili yakaingia tena, tukachanganyikiwa. Kumbe kufungia ni kusimamisha kwa muda, na yale yaliyokuwa yameshaidhinishwa kabla yanaweza kuendelea kuingia, na malipo ya kila mwezi benki nyingine zinayaachia yapite. Fungia, ndiyo, ila usikae ukadhani umemaliza.

Pili piga benki, namba ichukue nyuma ya kadi. Usiitafute mtandaoni! Dada aliitafuta, akapata "kustoma kea" mchangamfu kweli aliyetaka namba ya siri ili "amrudishie" hela. Nikampokonya simu.

Ukimpata mtu wa benki, usiseme tu "nimeibiwa", utapewa kadi mpya na kuagwa. Mwambie afute kadi kabisa na aondoe simu na vifaa vyote vilivyounganishwa nayo. Sisi hili hatukulisema mara ya kwanza, ikabidi tupige tena na kusikiliza muziki dakika arobaini. Muulize pia kuhusu malipo ya kila mwezi, kwa sababu Visa na Mastercard wana huduma inayowapelekea wafanyabiashara namba ya kadi mpya, kwa hiyo ulichojiunga bila kujua kinaweza kukufuata hukohuko.

Halafu kila kato lipingwe moja moja. Yanayoonekana "yanasubiri" wanaweza kukwambia hayapingiki mpaka yakamilike. Hapo wengi wanakata tamaa na hawarudi. Weka alamu, piga tena yakishaingia.

Piga picha kila kitu, meseji ya tapeli, OTP, orodha ya miamala, na omba namba ya malalamiko, iandike kwenye karatasi, maana kesho utapokelewa na mtu mwingine kabisa na ataanza kukuuliza upya mpaka tarehe ya kuzaliwa.